Uliza siku, uliza wasiotumia: namna ya kupima tiba inayosifiwa

Mwezi wa nne mwaka 2020, siku za korona, shangazi yangu alisimama kwenye dirisha la duka langu la dawa hapa Muheza, Tanzania, kanga kaifunga puani kwa kukosa barakoa, akanitaka niandike. "Andika, mwanangu. Andika kuwa nyungu imeniponya. Nimejifukiza mvuke wa majani siku tatu, kifua kimefunguka."

Alijua nina daftari. Miezi ile kila aliyefika dukani na kikohozi au homa nilimwandika: umri, dalili zake, alichotumia. Kisha nilimwomba arudi, au atume mtoto, nijue mwisho wake umekuwaje.

"Shangazi, ugonjwa ulikuanza lini?"

Akahesabu kwa vidole. "Leo siku ya nane."

"Na nyungu uliianza siku ya ngapi?"

"Ya tano, nilipozidiwa."

Nikaandika 5, nikaandika 8. Namba hizo mbili ndizo mlango wa haya ninayokueleza, yaani namna ya kuipima tiba inayosifiwa wakati ugonjwa ni mpya, watu wana hofu, na kila simu inaleta dawa yake. Kazi yote inafanyika kwa daftari na kalamu. Ugumu wake uko kwenye kuuliza maswali ambayo msimuliaji hakutarajia, na kumuuliza bila kumvunjia heshima.

Anza na siku

Maradhi mengi yana mwendo wake. Mafua hupanda siku mbili tatu, yakakaa, yakashuka yenyewe. Korona nayo, taarifa za mwanzo kutoka China zilionyesha kuwa wagonjwa kama 80 kwa kila 100 walikuwa na dalili nyepesi au za wastani, na wengi wa hao walipona.

Sasa jiulize mtu hutafuta dawa lini. Siku ya kwanza anapuuza, siku ya pili anakunywa chai ya tangawizi na kwenda shambani. Anayehangaika hasa ni yule wa siku ya tano, mwili unauma, usingizi haupo. Hapo ndipo anapochemsha mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi, anajifunika blanketi. Na kwa walio wengi, baada ya siku mbaya kuliko zote kinachokuja ni nafuu. Chochote kilichoingia mwilini siku hiyo kitabeba sifa, kiwe limau, kitunguu saumu, au vidonge vya vitamini C alivyonunua kwangu.

Kwa hiyo chora safu tatu: siku ugonjwa ulipoanza, siku tiba ilipoanza, siku nafuu ilipoonekana. Ujumbe wa simu unaosema "imenisaidia sana" bila siku hata moja, usiukatae na usiukubali. Muulize aliyeutuma. Mara nyingi utakuta naye katumiwa.

Watafute wasiotumia, na wasiorudi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo niliposhindwa mwenyewe kwa muda mrefu.

Gawa ukurasa kwa mistari miwili ili upate vyumba vinne. Chumba cha kwanza, waliotumia wakapona. Cha pili, waliotumia wasipone. Cha tatu, wasiotumia wakapona. Cha nne, wasiotumia wasipone. Masimulizi ya mtaani karibu yote yanaingia chumba cha kwanza, kwa sababu ndiyo habari inayosimulika. Nani atakusimamisha njiani akuambie, "Niliugua, sikutumia chochote, nikapona"?

Tuseme katika mtaa wako watu 20 walijifukiza na 18 wakapona. Inasikika vizuri sana, 18! Lakini ukizunguka ukakuta wengine 10 ambao hawakujifukiza, na 9 kati yao wamepona, basi pande zote mbili ni 9 kwa kila 10. Nyungu haijaongeza kitu kinachoonekana. Bila kuwatafuta wale 10, ungeapa kwa nyungu.

Kuna chumba kinachojificha zaidi, cha waliotumia wasipone. Alikuwapo fundi cherehani mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja akanisifia mchanganyiko wa tangawizi na kitunguu saumu, akasema usiku ule amelala vizuri. Niliandika: "nafuu, siku ya 6". Hakurudi, na mimi sikujali, nikaona amepona ameendelea na kazi. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nilifunga duka mapema nikapita kwake. Nilikuta ndara zimejaa mlangoni na wanawake wamekaa kwenye mkeka. Alikuwa amezikwa siku tatu kabla.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Mpaka asubuhi ile, kwenye ukurasa wangu, marehemu alikuwa shahidi wa tangawizi.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilifuata mistari ambayo mwisho wake haujaandikwa. Nilipiga simu, nilituma mtoto, nilikwenda kwa miguu. Aliyepona hupita dukani akakushukuru. Aliyekufa haji kusahihisha alichokuambia. Ukitaka daftari lako liseme kweli, lazima umfuate.

Walinganishe walio sawa

Wateja wangu walikuwa wakinijibu: "Lakini limau linajulikana ni dawa, hata wazungu wanajua." Ni kweli, na inafaa kujua ilijulikanaje.

Mwaka 1747, tarehe 20 Mei, daktari mmoja wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, jina lake James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, fizi zimeoza na magoti hayana nguvu. Aliwalaza sehemu moja, akawapa chakula cha aina moja, akawagawa wawili wawili. Wawili wakapewa kinywaji cha matufaha kilichochachuka, wawili matone ya asidi, wawili siki, wawili maji ya bahari. Wawili walipewa mchanganyiko mzito wenye kitunguu saumu na haradali. Wawili wa mwisho wakala machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini kufikia hapo mmoja wa walaji machungwa alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alipata nguvu hata akapewa kazi ya kuwauguza wengine.

Nikiisimulia habari hii hapa Muheza, ambako msimu ukifika machungwa yanarundikwa barabarani kama mchanga, watu wanatabasamu. Ndipo ninapowaomba wawaangalie wale wawili wa kitunguu saumu. Wao walikuwa meli ile ile, chakula kile kile, ugonjwa ule ule, na hawakuinuka. Lind angewapa wote 12 machungwa na kitunguu saumu pamoja, kama tunavyofanya sisi kwenye sufuria moja, kitunguu saumu kingepata nusu ya sifa hadi leo.

Na limau liliponya kiseyeye kwa sababu kiseyeye ni upungufu wa vitamini C, na limau linayo. Sifa hiyo haihami ikaenda kwenye ugonjwa wa virusi kwa sababu tu tunda ni lile lile. Mtu akikuambia dawa fulani "inajulikana", muulize inajulikana kwa ugonjwa gani.

Dawa ya hospitali nayo ipitie hapo hapo

Usidhani maswali haya ni ya nyungu peke yake. Mwaka ule 2020 watu walikuja kuniulizia klorokwini. Wazee waliikumbuka vizuri, uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima. Nchini kwetu iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ilikuwa ikisifiwa duniani kote, na madaktari wakubwa nao waliisifia.

Uingereza walifanya jaribio kubwa lililoitwa RECOVERY. Wagonjwa waliolazwa waligawanywa kwa kura, kompyuta ndiyo inaamua nani apate dawa na nani apate huduma ya kawaida. Kura ni muhimu, kwa maana daktari akichagua mwenyewe, hata bila kukusudia anaweza kumpa dawa yule anayeona atapona. Waliopata haidroksiklorokwini walikuwa 1,561, wasioipata 3,155. Katika siku 28 walifariki 27 kwa kila 100 upande wa dawa, na 25 kwa kila 100 upande mwingine. Haikuokoa.

Jaribio hilo hilo likaipima deksamethasoni, kidonge cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekuwa akikipigia kelele. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka 41 hadi 29 kwa kila 100. Kwa waliohitaji oksijeni bila mashine, kutoka 26 hadi 23. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa haikuonyesha faida yoyote: walifariki kama 18 kwa kila 100 waliopewa, na 14 kwa kila 100 wasiopewa.

Ninakuomba uisome tena hiyo ya mwisho. Baada ya matokeo hayo kutangazwa Juni 2020 walikuja watu dukani wenye kikohozi cha kawaida wakitaka "deksa ile ya korona". Niliwarudisha wote. Wengine walikasirika wakaniona nawanyima uhai. Nilichokuwa nacho mkononi ni ule mlinganisho tu, kwamba dawa inayomvuta mmoja kutoka kaburini haina cha kumpa mwingine anayepumua vizuri, na huenda ikamdhuru.

Mwombe aseme kabla, si baada

Hili ni swali fupi na lina nguvu. Shangazi akisema nyungu inaponya, namuuliza, "Ni jambo gani likitokea utasema hapa nyungu imeshindwa?" Mwanzoni hakuwa na jibu. Mgonjwa akipona, ni nyungu. Akifa, alichelewa kuanza, au majani hayakuwa mabichi. Kila kinachotokea kinaisifu nyungu, kwa hiyo hakuna kinachoipima.

Basi andikeni kabla. "Tukijifukiza kuanzia siku ya pili, homa itashuka kabla ya siku ya nne." Weka tarehe, wote wawili mkubali, kisha subirini.

Kipimo nacho kina kipimo chake

Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, zimerudi na majibu ya kuwa na virusi. Dukani siku ile hapakuongelewa kingine.

Mimi nasema wazo la kukijaribu kipimo kwa kitu ambacho jibu lake unalijua ni zuri, na maabara hulifanya kila siku. Kilichotakiwa kufuata ni kurudia. Papai lile lile lipelekwe maabara mbili, pamoja na maji safi na sampuli ya mgonjwa anayejulikana, ndipo ujue kosa liko kwenye vitendanishi (kemikali za kupimia), kwenye mkono wa mchukua sampuli, au sampuli ziligusana. Wateja wangu wengi hawakungoja hatua hiyo. Walikata moja kwa moja kuwa ugonjwa haupo, ilhali mizani ikiharibika gunia halipungui uzito.

Takwimu zetu zikabaki pale zilipokuwa mwanzoni mwa Mei 2020: watu 509 waliothibitishwa, 21 waliofariki. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilipozidi na watu wakaanza kusema "changamoto ya upumuaji" badala ya korona, nilikuwa nalitazama daftari langu la kurasa za mistari nikasikia uchungu. Usipohesabu huna wa kumlinganisha na mwingine, na kila tiba inakuwa sawa na nyingine.

Namna ya kusema na mkubwa wako

Anza na shikamoo, keti, sikiliza simulizi mpaka liishe. Mtu anayekueleza tiba yake anakueleza pia hofu yake, na ukimkata katikati utakuwa umeipuuza na hofu hiyo. Nilijifunza kutosema "hiyo haifanyi kazi". Nilisema, "Endelea na tangawizi, mama. Ila ukianza kuhema umekaa, au midomo ikabadilika rangi, au ukaona maneno yanakuchanganya, usichemshe kingine. Twende hospitali." Nilikuwa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kikisoma chini ya asilimia 94 hatukusubiri asubuhi.

Tenganisha lisilodhuru na linalodhuru. Chai ya tangawizi sikuigombania hata siku moja. Nyungu niliigombania kwa sababu ya watoto. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka sita, alifunikwa blanketi moja na mama yake juu ya sufuria inayotokota. Alipopaliwa na mvuke akarusha mguu, sufuria ikapinduka, paja lote likababuka. Mafua yake yalikuwa ya siku mbili. Kovu analo mpaka leo. Kwa hiyo uliza pia tiba inagharimu nini: ngozi, fedha, na hasa muda ambao mgonjwa alipaswa kuwa kitandani hospitali.

Machungwa mezani

Julai 2021 zilifika nchini dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona ya Janssen, na tarehe 28 Rais Samia alichanjwa hadharani. Wiki ile ile simu zilijaa habari kuwa chanjo inagandisha damu.

Shangazi alikuja nyumbani jioni, akakaa kibarazani. Nilijua alichokuja nacho.

"Mwanangu, nasikia inagandisha damu. Ni kweli au si kweli?"

"Imewahi kutokea, shangazi." Nilimwona anashtuka, alitegemea nikane. Nikamweleza kuwa Aprili mwaka ule Marekani waliisimamisha kwa siku 10 baada ya kuonekana wanawake 6 wenye damu iliyoganda kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Wakachunguza, wakairudisha na onyo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo miezi kumi na mitano nilikuwa namuuliza yeye.

"Na hao waliochanjwa, walilinganishwa na nani?"

Nikaingia ndani nikatoka na bakuli la machungwa. Nikamwambia watu karibu 40,000, wengine wakiwa Afrika Kusini, waligawanywa kwa kura, nusu wakachomwa chanjo, nusu wakachomwa maji ya chumvi, na wenyewe hawakujua nani kapata nini. Wakahesabiwa walioumwa kuanzia wiki mbili baada ya sindano, wenye hali ya wastani na kuendelea. Upande wa chanjo waliumwa 116. Upande wa maji ya chumvi, 348.

Niliweka chungwa moja kushoto, matatu kulia.

"Kila anayeugua huku, wanaugua watatu kule," nikasema.

Akayatazama. Akalishika lile moja la kushoto akaligeuza. "Kwa hiyo hata huku wapo walioumwa."

"Wapo."

"Na walifuatwa wote? Hata wasiorudi?"

"Walifuatwa kwa simu na kwa miadi. Wachache walipotea, na idadi yao iliandikwa."

Alimenya chungwa taratibu, akanipa nusu. Giza lilikuwa limeshaingia na mbu wameanza. Alipoinuka kujifunga kanga aliniuliza kituo cha afya kinafungua saa ngapi.

"Saa mbili," nikamwambia.

"Basi nipitie saa moja na nusu. Na hilo daftari uje nalo, uandike siku."